Sadaka Haifuti Deni: Kanisa, Serikali na Haki ya Maskini

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa kanisa mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya hisani ya makanisa na siasa ya kihafidhina katika ustawi wa jamii. Kichwa hicho kina uzito, na huenda mtu akadhani ni habari ya wasomi wa ng'ambo. Niruhusuni basi nianze na daftari.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mweka hazina wa kamati ya huduma katika usharika wetu. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tulitoa sadaka ya pili kwa ajili ya wenye shida, nami niliandika katika daftari jina la aliyesaidiwa, shida yake na kiasi alichopewa. Mwezi mmoja, kabla ya mwaka 2013 serikali ilipotangaza uzazi bila malipo katika hospitali za umma, tuliletewa habari ya mama aliyejifungua kwa upasuaji. Alikuwa amepona, lakini hospitali ilikataa kumwachilia mpaka deni lilipwe. Alilala sakafuni pamoja na kichanga chake kwa wiki tatu. Tulichanga, tukalipa, mama akatoka, nasi tukaimba kwa furaha.

Mwezi uliofuata akaja mwingine kutoka wadi ile ile. Nikalifungua daftari kurasa za nyuma, nikahesabu. Katika muda wa mwaka mmoja tulikuwa tumewakomboa akina mama kumi na mmoja. Nilipomwonyesha mzee mmoja wa kanisa, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, sisi tunawasaidia hawa mama, au tunamsaidia yule anayewafungia?"

Swali la mzee yule ndilo nililokuja nalo jioni hii.

Wako watu wenye akili na imani wanaosema kwamba serikali haifai kuwalisha wala kuwatibu maskini. Kazi hiyo, wanasema, ni ya jamaa, majirani na kanisa. Serikali ipunguze kodi, ijiondoe, na upendo wa watu utajaza pengo. Hoja hiyo ina zaidi ya miaka mia mbili, nayo ilipata kujaribiwa. Tusiidharau kabla ya kuisikiliza.

Mwaka 1819, katika mji wa Glasgow huko Uskoti, mchungaji Thomas Chalmers alipewa parokia mpya ya Mtakatifu Yohana, mtaa wa wafumaji na vibarua wenye watu kama elfu kumi. Uskoti ulikuwa na sheria ya kuwasaidia maskini, na katika miji mikubwa wenye mali walianza kutozwa kodi kwa ajili hiyo. Chalmers aliichukia kodi hiyo. Aliona kwamba inaufanya moyo wa tajiri kuwa mgumu, kwa kuwa hutoa kwa kulazimishwa, na inaufanya mkono wa maskini kuwa mlegevu, kwa kuwa hupokea bila kumjua anayempa. Akawaomba wakuu wa mji wamruhusu awatunze maskini wa parokia yake kwa sadaka ya milango ya kanisa peke yake.

Wakamruhusu. Akaigawa parokia katika sehemu ishirini na tano, kila sehemu ikiwa na familia kati ya sitini na mia moja. Kila sehemu ilipewa mzee wa kanisa kwa mambo ya roho na shemasi kwa mambo ya mwili. Shemasi alipoletewa ombi la msaada, kwanza alikwenda nyumbani kwa mwombaji. Alichunguza kama mtu huyo aweza kufanya kazi, kama ana jamaa wa kumsaidia, kama yuko jirani mwenye uwezo. Chalmers alisema kuna chemchemi nne ambazo kodi huzikausha: bidii ya mtu mwenyewe, wema wa jamaa zake, huruma ya matajiri kwa maskini, na huruma ya maskini kwa maskini wenzao. Sadaka ya kanisa ilikuja baada ya hizo zote. Akajenga na shule, watoto mia saba wakasoma. Nazo gharama za kuwatunza maskini wa parokia zikashuka kutoka paundi 1,400 kwa mwaka hadi paundi 280.

Ndugu zangu, tusicheke. Mengi katika mambo hayo ni ya kwetu. Wahenga hawakusema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Hatusemi kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri? Shemasi anayebisha hodi na kuketi kitini mwa maskini anajua jambo ambalo karani wa ofisini hatalijua kamwe. Anajua kwamba huyu anakunywa pombe, yule anamficha mwanawe mlemavu, na mwingine hana kosa lolote ila kazi imekwisha. Kanisa linalotuma bahasha bila kutuma mtu halijafanya hisani kamili. Hilo Chalmers alilijua, nasi tumelisahau mara nyingi.

Walakini tuulize: paundi zile zilizopungua zilikwenda wapi? Je, njaa nayo ilipungua kwa kiasi hicho hicho? Hesabu ya Chalmers ilipima fedha zilizotolewa. Haikupima homa wala vifo vya watoto.

Aliyeuliza hivyo alikuwa daktari na mwalimu wa udaktari mjini Edinburgh, William Pulteney Alison, aliyekuwa amewatibu maskini wa mji huo kwa miaka mingi. Mwaka 1840 alichapisha kijitabu juu ya utunzaji wa maskini wa Uskoti na athari zake kwa afya ya miji mikubwa. Alisema kwamba homa inaenea pale ambapo watu wamedhoofika kwa njaa na kubanana vyumbani. Alisema pia kwamba mtu mwenye nguvu aliyekosa kazi hakuwa na msaada wowote wa kisheria, ilhali kazi zenyewe zilipotea kwa maelfu kila biashara ilipoanguka. Shemasi atamwambia nini mfumaji kama huyo? Aende kwa jamaa yake? Jamaa yake naye ni mfumaji, naye amekosa kazi wiki ile ile. Amwendee jirani? Jirani ndiye aliyemtuma kwake. Chemchemi zote nne hukauka siku moja, na hapo ndipo penye kasoro ya mpango ule. Hisani ya mtaa hutegemea mtaa wenyewe uwe na kitu. Chalmers na Alison walijadiliana hadharani mjini Glasgow mwaka huo huo wa 1840.

Mpango wa Mtakatifu Yohana ulidumu hadi mwaka 1837, miaka kumi na minne baada ya Chalmers kuondoka. Kisha mwaka 1843 Kanisa la Uskoti likagawanyika. Theluthi moja hivi ya wachungaji walitoka, wakikataa kwamba wenye ardhi na serikali wawachagulie waumini wachungaji wao. Aliyewaongoza alikuwa Chalmers yule yule. Waliacha nyumba zao na mishahara yao kwa ajili ya uhuru wa kanisa, na historia yawaheshimu kwa hilo. Ila mgawanyiko ule uliwaonyesha watu wote jambo moja: ikiwa mkate wa maskini umefungwa kwenye sadaka ya kanisa, nalo kanisa likivunjika, maskini atakula wapi? Mwaka 1845 Bunge likatunga sheria mpya ya maskini na kuunda bodi za parokia chini ya bodi kuu. Hata sheria hiyo haikumpa haki mwenye nguvu asiye na kazi, lakini msingi uliwekwa.

Mtauliza, mambo ya Uskoti yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, misheni ya Waskoti iliyoanzia Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898 ni miongoni mwa waliotuletea shule, hospitali na mashemasi. Pili, hoja ya Chalmers ilivuka bahari ikafika Marekani, na kutoka Marekani ikatufikia sisi ikiwa na fedha mkononi.

Mwaka 1992 mwandishi Marvin Olasky alitoa kitabu kiitwacho The Tragedy of American Compassion. Alidai kwamba hisani ya Wamarekani wa kale, iliyomjua maskini kwa jina na kumdai kazi na toba, ilikuwa bora kuliko ruzuku ya serikali. Wanasiasa wahafidhina waliupokea ujumbe huo kwa mikono miwili. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton, ambaye hakuwa wa chama chao, alitia sahihi sheria iliyoondoa msaada wa familia zenye watoto maskini uliokuwapo tangu mwaka 1935. Kabla ya hapo, familia iliyotimiza masharti ilikuwa na haki ya kusaidiwa. Baada ya hapo, majimbo yalipewa fungu maalumu, na msaada wa serikali kuu ukawekewa kikomo cha miaka mitano katika maisha ya mtu mzima. Fungu lile, dola bilioni 16.5 hivi kwa mwaka, halikuongezwa kadiri bei zilivyopanda, hivyo thamani yake imekuwa ikiliwa mwaka baada ya mwaka. Ndani ya sheria hiyo hiyo kiliwekwa kifungu kilichoyaruhusu makanisa kushindania fedha za serikali bila kuondoa misalaba ukutani. Januari 2001 Rais George W. Bush akafungua ofisi ya mashirika ya kidini katika Ikulu yake, akiuita mwelekeo huo uhafidhina wenye huruma.

Mkuu wa kwanza wa ofisi ile, Profesa John DiIulio, alijiuzulu kabla mwaka haujaisha. Naibu mkuu wa baadaye, David Kuo, aliandika kitabu mwaka 2006 akilalamika kwamba ahadi za fedha kwa maskini hazikutimizwa, na kwamba ofisi ilitumiwa kwa manufaa ya kura. Huyu alikuwa Mkristo na mhafidhina, aliyeingia pale kwa moyo wa kuwatumikia maskini. Ushuhuda wake una uzito kwetu sisi tunaojua jinsi mwanasiasa anavyopenda kupigwa picha madhabahuni.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2003 serikali hiyo ya Bush ilianzisha mpango mkubwa wa kupambana na UKIMWI, dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza. Niseme wazi: mpango ule uliokoa maisha. Wako watu katika makanisa yetu, huenda wamo humu ukumbini, walio hai kwa sababu ya dawa zile, na nyingi zilipitia hospitali na zahanati za kanisa. Anayeubeza msaada huo hajapata kumzika mtu aliyekosa dawa.

Hata hivyo fedha zile zilikuja na katiba yake. Miaka ya mwanzo, theluthi moja ya fedha za kinga ililazimika kutumiwa kuhubiri kujizuia hadi ndoa. Kujizuia ni fundisho letu, wala hatulionei haya. Lakini je, mama aliyeolewa, mwaminifu, ambaye mumewe ndiye aliyemletea ugonjwa, alisaidiwaje na fundisho hilo? Sharti lile lilitungwa Washington kwa ajili ya wapiga kura wa huko, na mama huyo hakuwa na kura kule. Kisha Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa sahihi moja. Wafanyakazi wa afya walirudishwa nyumbani, wagonjwa wakaja kliniki wakiwa na hofu ya kukosa dawa. Kufikia Julai mwaka huo shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limekoma kufanya kazi zake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na asiyekuwa nduguye je?

Hilo, ndugu zangu, ndilo fundisho kuu la safari hii ndefu. Anayepewa kwa fadhila hunyimwa kwa fadhila pia, wala hana mahali pa kushtaki.

Nasi wenyewe tumeipitia siasa hiyo hapa. Desemba 1989, chini ya masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, serikali ya chama kimoja ilianzisha mpango wa kugawana gharama hospitalini. Maskini wengi wakaacha kwenda kutibiwa, hata ada ya kujiandikisha ikabidi isimamishwe mwaka 1990, kisha ikarudishwa mwaka 1992. Serikali ilipojiondoa, ni nani aliyebaki na mgonjwa? Ni sisi, kwa harambee. Nayo harambee, iliyozaliwa kuwa nguvu ya wananchi, ikageuzwa ngazi ya wanasiasa. Fedha zilizoibwa hazina zikarudi kanisani katika mifuko ya plastiki, tukazipigia makofi.

Tazameni basi mzunguko wenyewe. Dawa haifiki hospitalini kwa kuwa fedha zake zimeibwa. Mgonjwa huja kanisani kuomba. Kanisa huitisha harambee. Mwizi huja kuwa mgeni wa heshima. Hisani ya namna hiyo huufuta ushahidi wa uhalifu.

Lakini kanisa letu limewahi pia kukataa. Siku ya kwanza ya mwaka 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri jijini Nairobi akitabiri kwamba tawala za chama kimoja Afrika zitaanguka kama zilivyoanguka za Ulaya Mashariki. Askofu Henry Okullu akadai vyama vingi. Waliitwa wachochezi, wakaambiwa warudi kwenye sala na kuwalisha mayatima. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwapiga marufuku wanasiasa kuzungumza mimbarini. Na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa michango ya fedha aliyoitoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, likaagiza irudishwe. Mwezi huo huo maaskofu Wakatoliki walilalamika hadharani kwamba bima ya afya ya serikali haijazilipa hospitali zao madeni yake. Lipimeni jambo hilo: serikali inayotuletea bahasha Jumapili ndiyo inayokopa matibabu kwa watawa wetu Jumatatu.

Maandiko yasemaje? Sheria ya Musa ilimwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni, wala asirudi kuokota masazo, bali amwachie maskini, mjane na mgeni. Angalieni hekima yake. Ruthu alifanya kazi. Aliinama juani akaokota masuke. Mhafidhina hapa atafurahi, na ana haki ya kufurahi. Walakini pembe ile ya shamba haikuwa zawadi ya Boazi. Ilikuwa ni amri. Boazi angekuwa bahili kama nini, Ruthu bado alikuwa na sehemu yake. Wema wa Boazi ulianza pale sheria ilipoishia, alipowaambia watumishi wake wamdondoshee masuke zaidi. Hivyo ndivyo sheria na hisani zinavyopaswa kupangwa: sheria iwe chini, sakafu ya kumzuia mtu asizame; hisani iwe juu yake, isiyo na mpaka.

Na mashemasi walitoka wapi? Katika Matendo ya Mitume, waumini wa Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Kanisa la kwanza kabisa, lenye mitume wenyewe ndani yake, lilipendelea. Mitume hawakuwakemea watu kwa kunung'unika. Waliwaambia waumini wawachague watu saba wasimamie haki ya ugawaji. Ikiwa kanisa la mitume lilihitaji lalamiko na utaratibu, je, letu, lenye makabila yake na jamaa zake? Mjane asiye wa dini yetu, asiye wa kabila letu, ambaye shemasi hampendi, atasimama wapi?

Sisi tumempa mahali pa kusimama. Katiba ya mwaka 2010, ambayo wengi wenu mliipigania kwa machozi, yasema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya afya, chakula, maji safi, makao, elimu na hifadhi ya jamii, na kwamba serikali itawatunza wasioweza kujikimu. Hilo ni deni lililoandikwa. Sadaka yetu haiwezi kulifuta.

Basi tufanye nini? Nayaweka mbele yenu mambo manne.

La kwanza, hisani isikome. Mgonjwa wa leo hangoji mahakama. Tena tuifanye kwa miguu, kama mashemasi wa Glasgow, tukiingia nyumbani mwa watu kwa heshima.

La pili, kila kamati ya huduma iwe na daftari lenye safu moja zaidi. Baada ya jina, shida na kiasi, iandikwe: ni nani aliyepaswa kulitenda hili? Kila robo mwaka safu hiyo isomwe kanisani, majina ya maskini yakiwa yamefichwa, kisha ipelekwe kwa mwakilishi wa wadi, kwa mbunge na kwa gavana.

La tatu, tusipokee fedha ya serikali wala ya mfadhili pasipo mkataba ulio wazi kwa waumini wote, unaosema masharti yake ni yapi na itakuwaje siku itakapokoma. Hospitali zetu zidai kulipwa kwa kazi zilizofanya, kwa kuwa malipo ya kazi hayana aibu. Bahasha ya mimbarini irudi ilikotoka.

La nne, tusikubali kuambiwa kwamba kulisha ni dini na kuuliza ni siasa. Aliyemlisha mwenye njaa amepata haki ya kuuliza kwa nini ghala ni tupu.

Ndugu zangu, daftari lile ninalo hadi leo. Akina mama wale kumi na mmoja watoto wao sasa ni vijana. Huenda baadhi yao walikuwa barabarani Juni 2024 wakipinga Mswada wa Fedha. Tuliwakomboa mikononi mwa wadi wakiwa wachanga, lakini hatukuandika barua hata moja ya kumwuliza aliyewafungia. Kosa hilo lilikuwa langu, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nawasihi msilirudie.